Simu, barua pepe au kwenda mwenyewe: kukiuliza chuo maswali kabla ya kukubali nafasi

Wiki ambayo barua za vyuo zinatoka, saiba yangu, duka la intaneti na kuchapisha hapa Kisauni, haina pa kuweka mguu. Kijana aja na mamake, wakati mwingine na ami yake aliyeahidi kulipa karo. Barua inachapishwa, karatasi tano au sita zatoka zikiwa bado moto, na kabla hazijapoa nishaulizwa: "Anti, tukubali?" Swali hilo si langu kujibu. Mimi huwauliza kama wamekiuliza chuo, na wamekiuliza kwa njia gani. Wengi hawajauliza. Waliouliza walipiga simu mara moja, ikaita mpaka ikakatika, wakayaachia hapo.

Hapa nazilinganisha njia za kuuliza alizonazo mtu wa Mombasa: simu, barua pepe, kwenda kwa miguu yako, mwanafunzi aliye chuoni tayari, na makundi ya WhatsApp. Kila njia ina swali linaloifaa, na ina swali ambalo ukiipelekea utapotezwa.

Nianze na langu, maana limenikaa rohoni. Mdogo wangu alipata nafasi katika chuo kimoja cha bara. Nilipiga simu mimi mwenyewe, nikamuuliza mama aliyepokea kama kuna vitanda. "Vipo, aje tu." Sikumuuliza jina wala sikuandika tarehe. Mdogo wangu akapanda basi la usiku na godoro lake, akafika asubuhi, akaambiwa vitanda vilikwisha zamani. Hakuna aliyeikumbuka simu yangu, na sikuwa na cha kuwaonyesha. Akalala sakafuni kwa mwenzake majuma matatu, kisha akapanga chumba ambacho hakikuwamo katika hesabu zetu. Muhula wa pili kodi na karo zikagongana, akaahirisha masomo mwaka mzima. Alimaliza baadaye, alhamdulillahi, lakini mwaka ule ulikwenda bure, na kila nikiona mzazi anaridhika na neno la simu moyo unanipasuka.

Simu na barua pepe

Simu ina haraka. Kwa dakika tatu unajua ofisi iko wazi au imefungwa, nani anashughulikia wanafunzi wapya, tarehe ya kuripoti imesogezwa au la, na anwani sahihi ya barua pepe ni ipi. Kwa hayo, ipige. Piga baada ya saa tatu asubuhi, usipige saa saba ambapo watu wamekwenda kula, na nambari uitoe kwenye barua yako au kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Nambari iliyobandikwa chini ya tangazo la Facebook si nambari ya chuo mpaka uhakikishe.

Lakini ahadi ya simu haina mwenyewe. Aliyepokea anaweza kuwa mtu wa mapokezi aliyesikia kwamba vitanda vipo, au mwanafunzi aliye atachimenti anayekaimu dawati. Hakudanganyi, amesema anachokijua. Shida ni kwamba siku ya kuripoti hutakutana naye yeye, utakutana na mwenye daftari.

Barua pepe inachosha kwa kungoja, lakini jibu lake lina jina, tarehe na saa. Ndiyo maana kwa jambo lolote linalogusa pesa, idhini ya kozi au kitanda, naiweka mbele ya simu bila kusita. Na njia hizi mbili huenda pamoja: ukishapiga simu, andika siku hiyo hiyo, "Kama nilivyoelezwa kwa simu leo na fulani wa ofisi fulani, vitanda vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza bado vipo. Naomba mnithibitishie." Neno la mdomo limekuwa maandishi. Akikosea, atakusahihisha kabla hujafunga godoro.

Nimeziona barua pepe nyingi zisizojibiwa, na nyingi zina kasoro zile zile. Hazina jina la kozi. Hazina nambari ya mtihani. Zimeandikwa aya moja ndefu yenye maswali kumi na mawili na historia ya familia. Ofisi inayopokea mamia ya barua kwa siku huiacha hiyo kwa baadaye. Hii hapa ni moja tuliyoiandika saibani na binti mmoja wa Likoni, nimeondoa yanayomtambulisha:

"Kwa Msajili wa Masomo. Nimepata nafasi ya kusoma uhandisi katika chuo chako, nambari yangu ya mtihani wa KCSE iko hapo juu na barua nimeiambatisha. Kabla sijakubali nafasi naomba kujibiwa haya: 1. Gharama yote ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani, pamoja na ada ambazo hazikutajwa katika barua? 2. Nikilipa kisha nikahama kabla ya masomo kuanza, kiasi gani kitarudishwa? 3. Kozi hii imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, na kwa barua ya tarehe gani? 4. Nisipopata kitanda chuoni, nitajulishwa lini? Naomba jibu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa mwisho wa kukubali nafasi ni Jumatatu."

Maswali manne, kila moja na nambari yake, na siku ya mwisho imetajwa. Anayejibu anaweza kuandika chini ya kila nambari akamaliza kwa dakika tano. Tuma kwa ofisi ya usajili na nakala kwa idara inayofundisha kozi yako, kwa sababu mara nyingi idara ndiyo hujibu kwanza. Na tafadhali, vijana wangu, fungueni anwani yenye majina yenu. Barua ya maana haitoki kwa "kingofmsa".

Tena ujue una haki. Ibara ya 35 ya Katiba yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yasema taasisi ya umma ijibu ombi lako upesi, na isipitishe siku 21. Sheria hiyo yasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kuomba ni bure, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Chuo kikuu cha umma kimo humo. Wasipokujibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Siku 21 ni nyingi kwa mtu mwenye siku tano za kuamua, kwa hivyo usiitumie sheria kama njia ya kwanza. Lakini kuitaja kwa adabu katika barua ya pili, baada ya kimya cha kwanza, nimeona kunaamsha watu.

Kwenda mwenyewe

Hapa mtu wa Mombasa ana bahati ambayo hajui anayo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kiko Tudor, barabara ya Tom Mboya, umbali wa nauli moja ya matatu kutoka mjini. Ndicho kile ambacho wazee wetu walikijua kama MIOME, kisha Mombasa Polytechnic, mpaka kikapata hati ya chuo kikuu kamili 2013. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati mwaka huo huo, kiko Kilifi, kama kilomita 60 hivi. Panda gari Buxton alfajiri, pita Mtwapa kabla ya msongamano, saa tatu uko mlangoni mwa ofisi na jioni uko kwako. Mtu aliyepata nafasi katika chochote kati ya hivi viwili akakubali bila kukanyaga, amejinyima kitu cha bei ndogo.

Aliyepata Eldoret au Nairobi hesabu yake ni nyingine. Basi la kwenda na kurudi, chakula, na pa kulala kama ofisi itasema njoo kesho. Kwake yeye barua pepe ndiyo njia kuu, simu msaidizi wake, na safari aiwekee jambo ambalo bila kuliona kwa macho hawezi kuamua. Kama ana jamaa huko, amtume na karatasi ya maswali, asimtume na salamu tu.

Kuna kundi la tatu ambalo watu husahau: vyuo vya bara vyenye matawi hapa Mombasa. Ukipata nafasi ya tawi, uliza makao makuu, na uliza kwa maandishi, kama kozi yako yafundishwa hapa Mombasa mwanzo mpaka mwisho, au mwaka wa tatu mtahamishiwa bara. Mhudumu wa tawi anajua ya mwaka huu. Ya miaka minne ijayo yanaamuliwa kwingine. Familia iliyompangia mtoto kulala nyumbani kwao Changamwe miaka yote haifai kuja kulijua hilo katikati ya njia.

Ukienda, usiishie ofisini tu. Ofisini utapewa karatasi ambazo ungetumiwa. Zunguka. Kwa kozi ya maabara, omba kuiona maabara, utazame kama mashine zina vumbi au zina alama za mikono. Kwa kozi ya karakana, uliza wanafunzi wangapi hutumia mashine moja. Keti mkahawani wa chuo saa sita, nunua chai, sikiliza. Ingia maktaba uone kama kuna pa kukaa. Na ukipewa jibu la maana dirishani, omba liandikwe. Mzungumzie mhudumu kwa heshima, "Mama, naomba uniandikie hapo nyuma ya barua, na muhuri kama utawezekana." Wengi huandika. Asiyetaka kuandika anachokisema, hilo nalo lichukue kama jibu.

Mwanafunzi aliyeko, na makundi ya WhatsApp

Kuna mambo ambayo hakuna msajili atakuandikia. Maji hukatika siku ngapi? Mwalimu wa somo gumu huingia darasani au hutuma karatasi? Alama za mtihani hutoka kwa wakati au hupotea ukazitafuta miezi? Kuvuka kutoka Likoni kwa feri asubuhi utawahi kipindi cha saa moja? Ijumaa ratiba yaacha nafasi ya swala? Msichana anayevaa hijabu anachukuliwa vipi kwenye karakana na maabara? Haya muulize mwanafunzi, na muulize wa mwaka wa pili na wa mwaka wa nne, kwa sababu wa pili bado anasifu na wa nne ameshachoka, na ukweli utaupata katikati yao. Usimuulize "chuo ni kizuri?" Muulize, "Juma lililopita lilikuwaje?" Ataanza kusimulia, na katika kusimulia utapata majibu ya maswali ambayo hukujua kuuliza.

Swali moja usimpelekee: karo. Anaweza kukupotosha kwa nia safi kabisa. Waliojiunga kwa nafasi za serikali kabla ya 2023 walikuwa chini ya utaratibu wa zamani, ambapo karo ya mwanafunzi ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka. Waliokuja baada ya hapo wamepangiwa kwa njia nyingine kabisa. Kaka wa jirani yako akikwambia "mimi nililipa elfu kumi na sita," asema kweli yake, na wewe ukiifanya hesabu yako utazama.

WhatsApp naipa nafasi ya mwisho. Ni nzuri kwa jambo moja: kuwapata wanafunzi hao wa kuwauliza. Zaidi ya hapo, kila mara ukumbuke hujui msimamizi wa kundi ni nani. Anaweza kuwa kiongozi wa wanafunzi, anaweza kuwa mwenye nyumba za kupangisha, anaweza kuwa mwizi. Nimemwona mama akilia katika kiti kile pale mlangoni kwa sababu alituma pesa za "kuhifadhi kitanda" kwa nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi aliyejiita karani wa hosteli. Karo na pesa za kitanda hulipwa kwa akaunti au Paybill iliyo katika barua ya chuo, na jina la mpokeaji lazima liwe la chuo. Na barua yenyewe ikifika kwa WhatsApp bila wewe kuiomba, ingia katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, uone kama jina lako na kozi yako vimo.

Swali la pesa: nani hasa mwenye jibu

Hapa ndipo watu wanapozunguka sana, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Barua yako ina tarakimu kubwa inayotisha. Hiyo mara nyingi ni gharama ya kozi, na si lazima iwe ndiyo utakayolipa wewe. Tangu 2023 mwanafunzi wa serikali katika chuo cha umma amegawiwa pesa kwa sehemu tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu ya familia. Kwa viwango vitano vya uwezo wa familia vilivyotumika 2024, familia ya kiwango cha kwanza ilitakiwa kutoa asilimia 5 ya gharama na familia ya kiwango cha tano asilimia 40. Fanya hesabu: kozi ya Sh200,000 kwa mwaka yaweza kuwa Sh10,000 mfukoni mwako au Sh80,000. Kozi ni ile ile na chuo ni kile kile.

Sasa, nani akujibu umewekwa kiwango gani? Si chuo. Chuo kinajua gharama ya kozi na ada zake ndogondogo. Kiwango chako kinatoka kwa wanaosimamia ufadhili na mkopo, kupitia maombi uliyoyajaza mwenyewe mtandaoni, na rufaa nayo inapelekwa huko huko. Nimeona baba akipoteza siku nzima kwenye foleni ya idara ya fedha ya chuo akilalamikia kiwango, akarudishwa, akaenda tena. Kwa mambo ya mkopo, kabla hujaenda mbali, anzia kituo cha Huduma pale Posta kuu, barabara ya Digo. Hapo kuzungumza na mtu uso kwa uso kunashinda simu na barua pepe, kwa sababu anaifungua akaunti yako mbele yako na kukuonyesha kilichokosekana.

Mfumo wenyewe umeyumbishwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa haukubaliani na Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Kila tukio kama hilo huzaa uvumi katika makundi, mmoja anasema karo imefutwa, mwingine imepandishwa. Kwa hivyo karatasi ya karo isiyokuwa na tarehe na mwaka wa masomo usiikubali. Iandikie idara ya fedha wakupe ya mwaka wako.

Na aliyepangiwa chuo cha kibinafsi ajue mapema: ufadhili wa serikali haumfuati huko, mkopo wa HELB ndio anaoweza kuomba. Chuo kama hicho huwa na msaada wake wa masomo, na wahudumu wake wa usajili kwa kawaida hujibu simu upesi. Ule upesi usikulevye. Uliza kwa maandishi msaada huo ni wa mwaka mmoja au mpaka mwisho, na ni alama gani ukizikosa unaupoteza. Na kabla hujaweka pesa ya kushikilia nafasi, uliza inarudi au hairudi.

Swali la idhini

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayoidhinisha vyuo na kozi zake. Lakini kwa kozi za taaluma kuna mlango wa pili. Muuguzi atasajiliwa na Baraza la Wauguzi, mhandisi na Bodi ya Wahandisi, mwanasheria kozi yake inatazamwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Anayesomea ualimu wa sekondari atafika kwa TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, ambayo hutazama C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundisha. Kijana aliyepewa kozi ya ualimu akiwa na C katika moja ya masomo hayo, hakuna dirisha la chuo litakalomkataza kulipa karo. Ni yeye aulize.

Na sisi watu wa bandarini tuna letu. Vijana wengi wa hapa huitwa kwa kozi za ubaharia na uhandisi wa meli. Shahada ya darasani haikupandishi melini kama afisa. Vyeti vya ubaharia hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, ambayo makao yake ni hapa hapa Mombasa, kwa kufuata STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, na mkataba huo unataka muda wa kuhudumu baharini. Kwa hivyo usiulize tu "kozi imeidhinishwa?" Uliza: muda wa baharini nitaupata kupitia chuo, au nitajitafutia? Wangapi wa darasa lililotangulia waliupata? Uliza chuo kwa barua, kisha nenda KMA kwa miguu ukawaulize wao.

Kwa swali la idhini, hivi ndivyo ninavyozipanga njia: kwanza orodha ya chombo chenyewe cha taaluma, pili kwenda idarani, tatu barua pepe, mwisho simu. Ya binti wa Likoni ndiyo iliyonifunza mpangilio huu.

Barua pepe yetu, ile niliyoiandika hapo juu, haikujibiwa siku tatu. Tukapiga simu. Tukaambiwa kwa uchangamfu, "Kozi imeidhinishwa, msiwe na wasiwasi." Mamake akafurahi, akataka tulipe siku hiyo. Binti mwenyewe akakataa. Akasema, "Mamangu, hawajasema imeidhinishwa na nani." Siku ya pili nikafunga saiba, tukaenda sisi watatu. Mkuu wa idara, mzee mpole, akatukaribisha, akafungua droo akatoa faili ya kijani. Ndani mlikuwa na barua ya CUE, ina muhuri, ina tarehe, haina kasoro. Binti akaisoma yote, akageuza ukurasa, akauliza: "Na ya Bodi ya Wahandisi, mwalimu?" Mzee akavua miwani. Akasema maombi yamepelekwa, ukaguzi bado. Akaongeza kwamba yeye hupenda watu waulize, kwa sababu wasioulizwa mwanzo huja kulaumiwa mwisho.

Yule wa simu hakusema uongo. Kozi ilikuwa imeidhinishwa kweli, kwa mlango mmoja. Mlango wa pili hangeweza kuujua kwa sababu ile faili haiko mezani kwake.

Tukamwomba mzee atuandikie. Akachukua karatasi yenye jina la idara, akaandika mistari miwili kwa mkono: maombi yamewasilishwa kwa Bodi, idhini haijatolewa. Akatia sahihi na tarehe.

Kama siku ya mwisho inafika na jibu halijaja

Hili huniuma kuliko yote, kwa sababu maskini ndiye hubanwa na tarehe. Kama bado una maswali na siku ni mbili, andika kuomba muda wa wiki moja, taja barua yako ya kwanza na tarehe uliyoituma. Chuo cha umma kwa mwanafunzi aliyepangiwa na KUCCPS mara nyingi huwa na nafasi ya kuripoti kwa kuchelewa au kuahirisha masomo kwa sababu inayoeleweka, lakini masharti yake ni ya kila chuo, na yaombe yakiwa yameandikwa. Ukilazimika kukubali, kubali bila kulipa chochote kisichoweza kurudishwa, kama barua inaruhusu. Na jua kwamba uhamisho wa chuo hadi chuo upo. KUCCPS hufungua dirisha lake baada ya kupanga wanafunzi, na chuo unachokitaka lazima kikubali kukupokea, kiwe na nafasi na wewe uwe na alama za kozi ile. Dirisha hilo halikai wazi muda mrefu, kwa hivyo yule anayegundua tatizo mwezi wa pili wa masomo kwa kawaida amechelewa.

Binti wa Likoni aligundua mapema. Tuliporudi kutoka idarani, kwenye feri, mamake aliikunja ile karatasi ya mistari miwili mara nne akaifunga kwenye pindo la leso yake. Jioni ile tulikaa saibani tukaandika barua nyingine, safari hii kwa chuo cha pili, tukianza na swali namba moja: Bodi ya Wahandisi, barua ya tarehe gani? Jibu lilikuja baada ya siku mbili na nakala ya barua yenyewe. Dirisha la uhamisho lilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kugonga mlango wangu, saa moja na nusu asubuhi, na nambari yake ya mtihani ameiandika kiganjani kwa kalamu.